Bingwa Aliyeandikwa Mkata Mkonge

Juzi nilikwenda ofisi ya shamba moja la mkonge, Same, kufuatilia barua ya utumishi ya marehemu baba. Tangu shamba liuzwe kwa tajiri mpya, kila mtu anatafuta karatasi zake. Mbele yangu alisimama mzee mwenye pua iliyopinda, aliyewahi kuwa bingwa wa ngumi wa mkoa.

"Shikamoo, baba," alisema karani.

"Marahaba. Naomba barua kwamba nilikuwa bondia wenu. Kuna shule inatafuta mwalimu wa ngumi."

Karani alipekua jalada lote. "Umeandikwa mkata mkonge, miaka kumi na miwili. Ngumi hazimo."

"Mwanangu, sijakata hata jani moja! Mliniandika hivyo ili nipiganie timu ya shamba. Dar waliniita, nikakataa kwa ajili yenu."

Karani alikuna kichwa. "Barua ya ukataji naweza kukupa leo hii. Tena tajiri anatafuta wakataji wazoefu."

Mpaka sasa sielewi nimcheke nani, jalada au bingwa. Mzee aliipokea barua, akanigeukia na kuninong'oneza: "Hivi, kile kisu cha mkonge hushikwaje?"