Kungwi Mbele ya Dodoso

Zuhura wa Kinole alikuwa kungwi, na kungwi akiona haya kazi imeharibika. Wasichana wa upande ule wa milima walifundwa naye: namna ya kujitunza, namna ya kuishi na mume, na mengine ambayo si ya kuandikwa. Aliyataja yote kwa majina yake, mchana kweupe.

Basi maradhi nayo yakamshika pabaya. Malengelenge ya sehemu za siri, urithi alioachiwa na marehemu mumewe pamoja na migomba. Hili hakulitaja hata kwa dada yake. Akawa anateremka hadi kliniki moja mjini Morogoro, amejitanda khanga mpaka machoni, anapokea dawa na kutoka mbio.

Siku moja muuguzi akamwomba msaada. Kulikuwa na watafiti waliotunga dodoso la kupima jinsi ugonjwa huo unavyomharibia mtu maisha, na kabla ya kulitumia walitaka wagonjwa wachache wasomewe, waseme kila swali wamelielewaje. Jina haliandikwi. Zuhura akakubali, maana mjini nani anamjua?

Akasukuma mlango wa chumba alichoelekezwa. Mezani, dodoso likiwa mbele yake, alikaa Mwanvita, binti wa jirani yake kule Kinole, mwali aliyemfunda mwenyewe.

"Shikamoo, kungwi," Mwanvita akasema, akapiga goti kwa furaha. Siku hiyo watafiti walikuwa wakiwasubiri pia wazee wa kuwasahihishia lugha ya maswali, akadhani huyu ni mmoja wao. Zuhura akaitikia marahaba, akaidaka dhana hiyo kwa mikono miwili. Ndiyo, amekuja kwa ajili ya lugha.

Wakaanza. Swali hili kali mno, Zuhura akasema, mtu atakimbia. Hili lina maneno ya ofisini, lilainisheni. Aliwataja "hao wagonjwa" kwa sauti ya mtu asiyehusika. Alijionea aibu kwa ugonjwa, na sasa akajionea aibu kwa uongo.

Ndipo Mwanvita akasoma: "Katika mwaka uliopita, ugonjwa huu umekufanya uache shughuli unayoipenda?"

Zuhura akaomba asomewe tena. Mwaka uliopita alikataa kumfunda mdogo wa Mwanvita, akasingizia magoti. Ukweli ni kwamba kungwi humwogesha mwali kwa mikono yake, naye aliogopa kumwambukiza mtoto wa watu. Majirani hawakuyaamini magoti. Waliona wamedharauliwa, na tangu hapo nyumba hizo mbili haziombani hata chumvi.

"Hili halieleweki, kungwi?"

"Linaeleweka." Kumwacha binti huyu aamini kwamba kwao walidharauliwa kulimshinda. "Mimi ni mgonjwa wenu, mwanangu. Mdogo wako sikumdharau. Niliogopa kumwogesha."

Mwanvita akaweka kalamu chini. Kisha akasema polepole, kwa adabu ileile aliyofundishwa:

"Kungwi, kumwogesha mtu hakuambukizi ugonjwa huu. Ungeuliza tu."

Zuhura akainamisha uso. Mdogo wa Mwanvita alikuwa ameshafundwa na mwanamke mwingine, ameshatolewa nje kwa ngoma, na mwali hatolewi mara ya pili.