Madhabahu ya Saa Kumi na Mbili Asubuhi

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiikumbuka damu inanichemka. Nilikuwa kijana, sijafika thelathini, dereva wa nyumba ya Waarabu huko Abu Hamour, na hiyo Lusail yenu ya maghorofa ilikuwa mchanga na upepo tu. Nitakusimulia, na tafadhali usinikatize, kwa sababu juzi nilinyamaza vya kutosha. Niliwasikia wewe na kamati yako mkitangaza kwamba kuanzia mwezi ujao ibada yetu ya Kiswahili inahamishwa kutoka asubuhi kwenda jioni, maana wengi wenu mnatoka dyuti za hotelini usiku na asubuhi mna usingizi. Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Niliondoka bila kunywa chai, na unajua jinsi ninavyoipenda chai ya pale.

Nikiwa natoka nikasikia mmoja wenu akisema wazee hawapendi mabadiliko. Haya. Ngoja nikueleze ninachokijua mimi kuhusu mabadiliko.

Kabla hatujapewa nafasi pale Mesaimeer penye makanisa, tulikuwa tunasalia sebuleni mwa villa moja ya kukodi. Wakenya, Waganda na Watanzania wachache, viatu vimerundikana mlangoni, mapazia yamefungwa, nyimbo kwa sauti ya chini. Saa yetu ilikuwa Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi. Hakuna aliyeichagua kwa raha zake. Iliwekwa kwa ajili ya dada zetu wanaofanya kazi za ndani, maana nyumba za hapa unazijua. Alhamisi watu wanakesha, Ijumaa asubuhi nyumba nzima imelala. Wanaume wakiamka ni kwenda msikitini kwa sala ya Ijumaa, na wakirudi ukoo wote umeshajaa, bibi, mashangazi na wajukuu, na sinia za wali wa nyama lazima ziwe tayari. Kwa hiyo dada wa ndani ana kipande kile cha asubuhi tu. Akikikosa hicho, hana kingine mpaka Ijumaa nyingine.

Basi, mwenye villa akaitaka villa yake. Majirani walikuwa wamelalamika, magari mengi, watu wengi. Tukatawanyika kama mchele uliomwagika. Mwaka mzima na zaidi hatukukutana. Sisi wanaume tukasema hakuna la kufanya, Mungu ataelewa. Mwanangu, ukimsikia mtu anasema Mungu ataelewa, jua huyo ameshakata shauri lake na hakumwuliza Mungu.

Katika nyumba niliyokuwa nikiendesha gari alikuwapo dada mmoja, Rael, wa kwetu Kenya, mdogo wa umbo, si mtu wa maneno mengi. Yeye ndiye aliyepika na kufua. Ijumaa asubuhi mimi huwa naosha gari uani, na Ijumaa moja nikasikia wimbo unatoka juu. Nikainua kichwa. Rael yuko juu ya paa anaanika mashuka. Paa la jirani yuko dada mwingine, Mganda, naye anaanika. Paa la tatu hivyo hivyo. Mmoja anaanza ubeti, wa pili anapokea, wa tatu anamalizia, kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto alale. Walipomaliza kila mmoja akainamisha kichwa mbele ya kamba yake ya nguo, kisha wakashuka kwenda kuwasha majiko. Na haikuwa siku moja. Joto la Julai, lile la kuunguza nyayo, wapo. Baridi ya Januari, wapo. Nilimwuliza Rael kwa nini anafua Ijumaa wakati siku ya kufua ya nyumba ile ilikuwa Jumamosi.

"Nikifua Jumamosi, nitaimba na nani?" akanijibu, akaendelea na kazi yake.

Sasa habari ikaja kwamba tumepewa ukumbi Mesaimeer. Nilipomwambia Rael aliketi chini palepale jikoni, akajifunika uso kwa kanga. Akaenda kwa madam kuomba ruhusa. Madam wetu hakuwa mtu mbaya. Alimwambia kila mtu na dini yake, nenda, ila chakula cha mchana kisichelewe. Mtoto wa watu akanyoosha blauzi nyeupe, akanyoosha hata shati langu mimi ambaye sikuwa nimemwomba.

Ijumaa hiyo tulikutana nje ya ukumbi, pale magari yanapoegeshwa, tukubaliane mambo kabla ya kuanza. Walikuja watu ambao hatukuwahi kuwaona wakati wa dhiki. Ofisi ya pale langoni ilikuwa imetuachia tuchague nafasi moja kati ya mbili, asubuhi au jioni. Mwenyekiti wetu alikuwa Festo, kijana wa mapokezi hotelini, msafi, mwenye Kiingereza kilichonyooka. Akasimama akasema jioni ndiyo bora. Jioni kiyoyozi kinafanya kazi vizuri, jioni kuna kinanda, jioni watu wamepumzika. Ibada ya Mungu, akasema, isiwe ya watu wenye usingizi.

Rael alikuwa nyuma kabisa. Sijui alipata wapi ujasiri, maana yule nyumbani hata chumvi anaiomba kwa kunong'ona. Akainua mkono. "Kaka, sisi wa ndani jioni hatutoki."

Festo akamjibu kwa upole, na upole ule ndio ulioniudhi zaidi. Akamwambia aongee na madam wake, wataelewana. Kati ya wenzetu wa kazi za ulinzi, ambao habari ya paa ilikuwa imewafikia, mmoja akapaza sauti, "Si wamezoea paa hao? Mungu yupo hata kwenye paa." Watu wakacheka. Wakristo, mwanangu, wameshika vitabu vyao kwapani, wanacheka. Rael akatazama saa, akamgusa yule dada Mganda, wakaondoka. Muda wao wa kurudi kupika ulikuwa umefika.

Hapo ndipo aliposimama Mzee Wafula. Alikuwa mpishi wa kambi ya wafanyakazi, mtu mzima, mikono imejaa makovu ya mafuta ya moto. Sijawahi kuona mtu akikasirika vile bila kupaza sauti.

"Mmesoma habari za Wayahudi waliorudi kutoka Babeli," akasema, "au mnazipigia makofi tu? Mfalme wa Uajemi aliwaruhusu waende kwao. Wakafika, wakakuta nini? Kifusi. Hekalu limechomwa, mji hauna ukuta, na majirani wanawatazama kwa jicho baya. Mtu mwenye akili zenu angeanza na ukuta. Angeanza na paa, awe na kivuli. Wao walianza na madhabahu. Wakatafuta mahali ilipokuwa zamani, wakaondoa kifusi, wakaisimamisha palepale juu ya msingi wake, wakatoa sadaka asubuhi na jioni huku wanaogopa. Hawakuisogeza penye upepo. Hawakuuliza nani atapenda wapi. Palepale. Sasa niambieni, msingi wetu sisi hapa ni upi? Ukumbi huu si wetu. Tukitoka wanaingia Wafilipino, wakitoka wanaingia Wahabeshi. Hatuna jiwe letu hata moja katika nchi hii. Msingi wetu ni saa. Saa kumi na mbili. Na walioutunza msingi huo wakati sisi tumejifunika mablanketi ni hawa wasichana mliowacheka sasa hivi, nao wameenda kupika."

Nikadhani yamekwisha. Festo akatabasamu, akasema, "Mzee, tumekusikia. Lakini mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Akaitisha kura ya mikono. Jioni ikashinda, tena kwa wingi. Ingekosaje kushinda? Wenye haja na asubuhi hawakuwapo, walikuwa wanakatakata vitunguu.

Ibada ya kwanza ya jioni ilipendeza, siwezi kusema uongo. Sare, kinanda, vigelegele. Mzee Wafula alisimama katikati yetu akalia mpaka mabega yakatikisika. Inasemwa kwamba siku ile msingi wa hekalu ulipowekwa upya, vijana walipiga kelele za furaha na wazee waliolijua hekalu la kwanza wakalia, na aliyesikia kwa mbali hakuweza kutenganisha kilio na shangwe. Festo naye hakuweza. Alimkumbatia mzee akatangaza kwa kipaza sauti kwamba mzee wetu amezidiwa na furaha.

Rael aliomba ruhusa ya jioni. Madam akashangaa, wageni wamejaa nyumbani, nani atapeleka chai? Akaomba tena mwezi uliofuata, akakataliwa tena. Akarudi kwenye paa lake. Halafu mkataba wake ukaisha, watoto wa nyumba ile wakawa wamekua, wenye nyumba hawakuuandika upya. Mimi ndiye niliyempeleka uwanja wa ndege. Njiani akaniomba tupitie Mesaimeer. Ilikuwa siku ya kazi, mchana, lango limefungwa. Nikasimamisha gari ng'ambo ya barabara, akatazama kupitia dirishani.

"Ndani kuna nini?" akaniuliza.

Nikamwambia kuna viti.

"Viti vya namna gani?"

"Vya plastiki, vyeupe."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelezwa jambo kubwa. "Basi, twende," akasema. Hakuingia humo hata siku moja, mwanangu. Aliyeulinda moto wakati wa kutawanyika hakuuota tuliporudi, na waliouota walikuwa wale wa kulalamika kwamba kiyoyozi hakipoi. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, lakini sisi tulimjua. Alikuwa amesimama mbele yetu, ameinua mkono.

Nilimsimulia Mzee Wafula. Kesho yake alikwenda ofisini langoni akaomba ile saa ya asubuhi iliyokuwa haina mwenyewe. Akapewa. Ijumaa ya kwanza tulikuwa yeye, mimi, na dada sita ambao walikuja mbio na kuondoka mbio, mmoja bado ana unga mikononi. Hakuna kinanda. Ile ya jioni ilikwenda vizuri miezi kadhaa, kisha dyuti za hoteli zikabadilika, kamati ikagombana juu ya rangi ya sare, ikafa. Wenyewe wakaja kujiunga nasi asubuhi, wanapiga miayo, na tukawasogezea viti.

Hiyo ndiyo ibada mliyoikuta. Hiyo ndiyo saa mnayotaka kuifuta kwa kupiga makofi. Kura mliipiga lini? Saa nne na nusu, baada ya matangazo. Uligeuka ukaangalia viti vya nyuma, wanapokaa dada wa ndani? Vilikuwa vitupu. Usidhani hawapendi mikutano. Wewe unaona umefanya kwa haki, watu wengi waliinua mikono. Festo naye aliona hivyohivyo. Na usije ukaniambia waongee na madam zao. Neno hilo ukilirudia mbele yangu nitasahau kwamba baba yako ni rafiki yangu.

Wayahudi wale nao walilegea, usidhani ni nyinyi wa kwanza. Walipotishwa waliacha kazi ya Mungu njiani, kila mtu akajijengea kwake, akapiga dari la mbao nzuri, hekalu likabaki msingi mtupu. Wakawa wanasema wakati wake haujafika. Ikabidi nabii aje awakaripie. Mimi si nabii, ni dereva, lakini kukaripia naweza.

Sasa sikia nasaha yangu, na uipeleke kwa kamati yako kama nilivyoisema, usiilainishe. Mtu akirudishiwa kitu kilichopotea, asianze kukipamba. Aulize kwanza ni nani aliyekitunza kilipokuwa hakina thamani kwa mtu, na huyo ndiye aingizwe wa kwanza, na saa ifuate miguu yake. Wenye nafasi nyingi ndio wajibane. Mnataka ibada ya jioni? Nani amewakataza? Nendeni ofisini mkaombe saa nyingine, muongeze, nami nitakuja na kupiga makofi mpaka yaniume. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Nyinyi hoteli zinawahamisha kila uchao, leo Lusail, kesho kwingine. Hao wa ndani hawahami, na mlango wao wa kutokea ni mmoja tu.

Sikuachi bila dua, maana nimekukasirikia kama mzazi. Mungu akupe usingizi mtamu siku nyingine zote za juma, akulinde kazini, akufikishe kwenu salama ukiwa na jina zuri. Ijumaa ya kwanza ya mwezi huo ujao, saa kumi na mbili asubuhi, ukiwa wewe ndiye umeufungua mlango ule, mikono yako ibarikiwe. Dada zetu wakiukuta umefungwa, mwanangu, usinitafute kwa baraka, sitakuwa nayo.