Komeo Aliyeifungia Sauti ya Mke Wangu

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ana jina alilopewa na wazazi wake. Sisi tunamwita Komeo. Mke wangu ndiye aliyembandika jina hilo, na likamkaa kama soli iliyopigwa gundi nzuri.

Ni karani wa ghala la mabomba. Anaandika mabomba yaliyoingia na mabomba yaliyotoka. Ni kazi ya halali, siidharau. Mimi mwenyewe ni fundi viatu, na shule niliiacha kabla haijanizoea. Lakini mwaka mmoja walimpeleka semina ya usalama wa kompyuta. Akakaa huko wiki, akala vya bure, akarudi na mkoba wenye nembo na shingo imesimama. Tangu hapo hakuna kitu cha mtu huyu kisichofungwa.

Friji lake lina kufuli. Watoto wakitaka maji baridi, wampigie simu baba yao ghalani. Simu yenyewe anaifungua amegeukia ukuta, kama mtu anayekojoa. Binti yangu aliwahi kufungiwa nje ya nyumba yake, ndoo kichwani, mpaka bwana mkubwa akarudi kazini. Alipomlalamikia, akajibiwa, "Umeona? Mfumo unafanya kazi."

Mke wangu alikuwa akimcheka waziwazi.

"Komeo, mwanangu, siku ukifa itabidi tumwite mwizi aje atufungulie tukuzike."

"Mama nawe kwa utani."

"Si utani. Nauliza tu kama umeshakubaliana na mwizi."

Yeye anatabasamu, anadhani anasifiwa.

Mke wangu alikuwa mshonaji. Chumba chetu cha mbele kilikuwa chake: cherehani dirishani, meza ndefu ya kukatia, vipande vya kitambaa chini kama majani, na wasichana waliokuja kujifunza. Binti yetu alimletea kompyuta. Kuandika hakukumpendeza mke wangu, basi akawa anaitumia kujirekodi. Anaeleza namna ya kukata kola, namna ya kupachika mkono usivute begani, kisha msichana anakaa anasikiliza, anarudisha nyuma, anasikiliza tena. Yeye anapumzika. Kifua kilipoanza kumsumbua akarekodi zaidi. Katikati ya somo unamsikia anageuka: "Mzee, punguza nyundo, nafundisha." Kisha anaendelea na kola.

Siku Komeo alipogundua kwamba kompyuta ile inawashwa na yeyote, alishika kiti asianguke.

"Mama, hii iko wazi!"

"Ina nini cha kuibwa? Kola?"

Hakusikia. Akaifunga diski yake. Nilivyoelewa, ukiwasha mashine, kabla ya kitu chochote inakuuliza neno la siri. Huna neno, kila kilichomo kinabaki kimevurugwa, hata ukiichomoa diski ukaipeleka kwingine. Na neno lenyewe lisiwe neno la watu. Herufi kubwa, herufi ndogo, namba, alama zinazofanana na nyayo za kuku. Kila mwezi ukianza anakuja kulibadilisha.

"Neno likizeeka linakuwa hatari, mama."

"Hata mimi nimezeeka. Utanibadilisha lini?"

Akishabadilisha, anatutoa nje, mimi na wasichana, ili amnong'oneze. Mimi, natolewa nje ya chumba nilichokijenga, na mtu anayehesabu mabomba. Nakala za masomo alikataza zisitolewe. Nakala, alisema, ni mlango wa pili. Mke wangu alimtii kwa sababu ya binti yetu, na kwa sababu kubishana na Komeo ni kutwanga maji.

Halafu akalazwa.

Mwezi ukaanza akiwa hospitali. Mtu mwingine angesahau. Komeo alikuja nyumbani, akabadilisha neno la kompyuta isiyotumiwa na mtu, akaenda nalo wodini. Akamwambia mkewe atoke. Binti yangu alisimama mlangoni, akaona, na baadaye akanisimulia.

"Alikuwa anamrudisharudisha kama mtoto wa chekechea, baba. Mama anatafuta pumzi, yeye anasahihisha herufi."

"Mama yako alisema nini?"

"Alisema, 'Nimeshika, mwanangu. Sasa nipishe.' Akaomba maji."

Hakurudi nyumbani. Hapo sitaongeza neno.

Watu wa msibani walipoondoka, nyumba ikawa na kimya kibaya. Nilikaa siku kadhaa. Kisha nikamwita Komeo. Nikamwambia nataka kitu kimoja tu. Nataka kumsikia.

"Hilo dogo, baba," akasema.

Akakaa kwenye kiti cha mke wangu, akawasha kompyuta. Kiganja kimoja akakifanya paa juu ya vidole, nisione anachobonyeza. Mimi, ambaye hata tangazo la duka nalisoma kwa kusukuma herufi moja moja. Mashine ikakataa. Akajaribu tena. Ikakataa. Akajaribu mpaka shati likamshika mgongoni, na kiganja hakukitoa. Ananificha neno ambalo hata yeye hana.

"Hulikumbuki?" nikamuuliza.

"Nalikumbuka vizuri. Ni mashine haikubali."

"Basi liandike chini tulitazame."

"Baba, neno la siri haliandikwi."

Nikatoka nikaenda kupiga misumari. Kuna kiatu siku hiyo kilipata misumari zaidi ya haja yake.

Kesho yake tulikwenda, yeye, mimi na kompyuta, kwa fundi mwanamke mwenye kibanda karibu na stendi. Alikuwa anakunywa chai. Aliwasha, akatazama, akamgeukia Komeo.

"Nani aliifunga?"

"Mimi."

"Umefunga vizuri, kaka."

Komeo akanitazama, kama mtu aliyepewa cheti.

"Sasa," fundi akasema, "ulipofunga ilikupa ufunguo wa dharura. Namba ndefu. Ukisahau neno, unafungulia hiyo. Iko wapi?"

"Nimeihifadhi."

"Wapi?"

"Mahali salama."

"Kaka, sitakuibia. Wapi?"

"Kwenye faili."

"Na faili liko wapi?"

Komeo alitazama kompyuta. Fundi naye akaitazama. Akaweka kikombe chini taratibu.

"Humo humo?"

"Ndiyo mahali salama kuliko pote," Komeo akasema. "Hakuna anayeweza kuingia."

Fundi alijiuma mdomo. Hakucheka, kwa sababu alikuwa ananiona mimi. Nikamuuliza kama diski haiwezi kuvunjwa, maana mimi kufuli nimeshavunja nyingi, za watu waliopoteza funguo.

"Ukivunja kufuli, mzee, mlango unabaki. Hapa mlango na nyumba ni kitu kimoja." Akamrudia Komeo. "Sikiliza. Neno ulilitunga wewe, siyo malaika. Kaa, ukumbuke. Ulikuwa unawaza nini siku hiyo, ulianza na herufi gani. Linaweza kuja hata baada ya mwaka. Ila usiifute. Ukiifuta, hata neno likija halitakusaidia kitu."

"Najua," Komeo akasema. "Nimekwenda semina."

Njiani nilimuuliza kama amesikia.

"Nimesikia, baba."

"Amesemaje?"

"Amesema nimefunga vizuri."

Aliomba aichukue kompyuta kwake, akumbukie huko kwenye utulivu. Nilisita. Binti yangu akasema, mwachie tu, baba, naye anaumia. Labda alikuwa anaumia. Kwa mtu wa aina ile huwezi kujua, hata uso wake ana kawaida ya kuufunga. Nikamwachia.

Mwanzoni nilikuwa nikiuliza kila Jumapili wakija.

"Limekuja?"

"Linakaribia. Lina alama ya mshangao, hilo nina hakika."

"Mwanzoni au mwishoni?"

"Hapo ndipo kwenye kazi."

Jumapili nyingine alama ya mshangao ikawa haipo. Nyingine, neno lilikuwa na jina la mji. Mji gani? Anafikiria. Mkewe akamwambia mbele yangu, "Mama ulimkaririsha akiwa hoi, wewe mzima umesahau." Akajibu kwamba utaratibu unataka watu wawili walijue, na mmoja hayupo, kwa hiyo kosa si la utaratibu. Alisema hivyo huku anatafuna. Binti yangu akainuka, akatoa sahani ya mumewe mbele yake ingawa ilikuwa bado na chakula. Mimi nikaangalia pembeni. Nilikuwa nimeshachoka kumtazama.

Nikaacha kuuliza. Niliona heri likae. Neno litakuja au halitakuja, lakini mke wangu yumo mle, na mimi naweza kungoja. Kungoja ndiyo kazi niliyobaki nayo.

Komeo ndiye hakuweza. Si kwa ajili yangu. Ni kwamba mashine ilikuwa mezani kwake inamkatalia kila siku, na wenzake wa ghalani walishapata habari. Walikuwa wakimwona wanamuuliza, "Bwana usalama, umeingia?" Mtu aliyezoea kuwafungia wengine hapendi kusimama nje.

Akaja Jumamosi mchana. Nilikuwa kibarazani nabadilisha kisigino.

"Baba, imefunguka."

Niliweka kiatu chini, nikanawa mikono kwa sabuni mpaka gundi ikatoka, nikaingia ndani nikavaa shati safi. Wasichana wawili walikuwa chumba cha mbele, bado wanakuja kumaliza nguo za wateja. Nikawaambia wasimamishe cherehani. Wakasimamisha. Mmoja akavua utepe wa kupimia shingoni, kama mtu anayeingia mahali pa ibada.

Komeo akaiweka kompyuta juu ya meza ya kukatia. Ikawaka moja kwa moja. Haikuuliza neno. Ikatokea picha ya milima yenye theluji.

"Unaona?" akasema. "Nyepesi. Ilikuwa imejaa, sasa inakwenda kama mpya."

"Mweke nimsikie."

"Nani?"

"Mama mkwe wako."

Akakwaruza shingo.

"Hayo masomo, baba, ndiyo yaliyobidi yatoke ili ifunguke."

Msichana mmoja akasema, "Umeifuta." Hakupaza sauti. Komeo akaanza kumweleza kwamba kufuta ni neno la mtaani, kitaalamu inaitwa kuandaa upya. Msichana akaokota mkasi, akaenda kukaa karibu na dirisha, akampa mgongo.

Mimi nilikuwa bado nimesimama na shati langu safi. Nikakaa. Nilimtazama mkwe wangu vizuri, labda kwa mara ya kwanza. Viatu vyake nilimshonea mimi. Alikuwa anangoja asante. Nilitafuta tusi la kumfaa sikulipata. Kila nililolishika lilikuwa kubwa kwake, kama kiatu cha baba kwa mtoto. Hasira inataka mtu. Pale palikuwa na kufuli tu, nalo lilikuwa limefunga hewa.

"Chukua chai uende," nikamwambia.

"Namalizia kidogo tu, baba. Tuweke neno jipya. Safari hii utashika wewe."

"Usiifunge. Haina kitu ndani."

"Hata kama haina. Ni utaratibu."

Akafunga. Akaniinamia sikioni kuninong'oneza neno, nikausogeza uso wangu. Akadhani sisikii vizuri, akarudia kwa sauti, na wasichana wote wawili wakalisikia. Hapo akashtuka, akaketi tena, akaanza kulibadilisha.

Nikarudi kibarazani kumalizia kisigino. Cherehani ikaanza tena ndani. Nilipiga nyundo kwa nguvu niliyotaka, na hakuna aliyenikataza.