Bitutu na Mvua ya Sabato

Bitutu alizaliwa kwenye milima ya Kisii, mahali ambapo mvua hufika kila alasiri kama mtu aliyeajiriwa. Huko, kwa maneno yake mwenyewe, babu yake alikuwa akiifunga mvua kwa kamba ya mgomba, akaitundika darini pamoja na mahindi ya mbegu, na majirani wakitaka kupanda walikuja kuiazima. Siku moja panya wakaikata ile kamba, ndiyo maana bonde la kwao lina matope mpaka leo. Anayebisha na aende akakanyage.

Sasa mtu wa ukoo kama huo akihamia kisiwani, atakosaje kujua habari za mvua? Hivyo ndivyo Bitutu alivyojiuliza, na kwa kuwa hakuna aliyemjibu, kile kimya akakichukua kuwa cheti. Cheti kingine hakuwa nacho. Darasani hakuwahi kuingia, isipokuwa siku ile alipokuwa akifukuza mbuzi.

Kisiwa chenyewe ni kidogo, mawe na nyasi fupi tu, ziwani ng'ambo ya Homa Bay. Alikwenda huko alipofiwa na mumewe, akitoka Uriri alikoolewa, ati anakwenda kununua omena, wale dagaa wa ziwani, kidogo na kurudi. Hakurudi. Mwaka wa tisini na sita ulimkuta bado yuko pale, ana kijumba cha mabati, ana nyavu kuukuu za kuanikia, na mgongo wake umeshazoea kuinama. Alfajiri ananunua omena mbichi wanaoshushwa na mashua, anawatandaza juu ya nyavu, anawageuza kwa ufagio, na Jumapili wachuuzi wanakuja kuwachukua.

Tatizo ni kwamba mvua ya kisiwani haina adabu. Mwezi wa Julai upepo wa kusi unavuma tangu asubuhi, kanga zinapiga makofi kwenye kamba, jua linawaka vizuri, kila mtu anamshukuru Mungu. Mara wingu moja linatengana na wenzake, linakuja juu ya maji likiburuta mguu wa kijivu. Unaiona mvua kutoka mbali kama mgeni anayepanda mlima, ila hujui atabisha mlango wa nani. Inaweza kumlowesha jirani yako na wewe ukabaki mkavu unamtazama. Kabla hujamaliza kulalamika imeshapita, jua limerudi, na omena wako waliokuwa wamekauka nusu sasa hawana wa kuwala ila kuku.

Kwa hiyo kila asubuhi wanawake walimwendea Bitutu.

"Dani, leo?" Ndivyo walivyomwita, kwa Kijaluo, maana yake bibi.

Bitutu alilowesha kidole, akakiinua. Alinusa. Aliwatazama yangeyange kana kwamba wao pia ni wa ukoo wake. "Leo hakuna. Lile wingu mnaloliona linaenda Rusinga, limealikwa harusi."

"Asante, Dani!" wakasema, wakaondoka mbio mbio. Naye alifurahi kuona jinsi maneno yake yalivyowatia watu nguvu ya kufanya kazi. Omena wake mwenyewe walinyeshewa mara kwa mara, lakini hilo aliliweka kwenye akaunti ya upepo. Yeye alikuwa amesema kweli. Upepo ndio uliobadilisha nia.

Habari za omena kulishwa kuku zikafika Uriri. Ijumaa moja Boaz, mwanawe wa kwanza, mzee wa kanisa la Waadventista kule kwao, akashuka kwenye mashua akiwa ameshika viatu mkononi.

"Mama, nimekuja tuende nyumbani," alisema hata kabla ya kukaa.

"Nani mgonjwa?"

"Hakuna mgonjwa. Mellen ameshakutengenezea chumba. Ameshona hata mto."

Mto! Bitutu alimpenda sana Mellen, mkaza mwanawe. Ubaya wake ulikuwa huo mmoja: alikuwa mwema mno. Kwa Mellen, mama mkwe hashiki jembe, hashiki kuni, hashiki hata mwiko. Anakaa kwenye mto anapewa uji, kama kuku anayeatamia, tena mayai yenyewe hana. Bitutu aliogopa mto ule kuliko alivyoogopa kaburi. Kaburini angalau hakuna anayekuuliza kila saa kama umeshiba.

"Boaz, baba, mimi nina kazi hapa."

"Kazi gani? Ya kulisha kuku wa watu?"

Jua lilikuwa linashuka, na kwa Waadventista kama wao, jua la Ijumaa likizama Sabato imeingia, hakuna kuanika wala kuanua. Omena walikuwa bado wana unyevu. Akiwarundika ndani ya nyumba mpaka Jumamosi jioni, wataoza. Akiwaacha nje, atakuwa ameuweka mzigo wake mikononi mwa Mungu na upepo. Akawaacha.

"Na kesho ikinyesha?" Boaz akauliza. "Hutawagusa, Mama. Mimi nitakuwa hapa nakuangalia."

"Haitanyesha."

"Ikiwalowesha, Jumapili unapanda mashua na mimi."

"Nitapanda mbele yako! Lakini wakibaki wakavu, usinitajie Uriri tena mpaka uje kunizika."

Wakapeana mikono, mama na mwana, kama wanaouziana ng'ombe.

Asubuhi ya Sabato Bitutu alivaa gauni jeupe, akafunga kitambaa, wakaanza kwenda kanisani. Njia ilipita pale pa kuanikia. Nyar Kadem, Mkatoliki kutoka pande za Migori, alikuwa anageuza omena wake pamoja na Nyakerario, Mkatoliki mwenzake, Mkisii kama Bitutu.

"Dani, leo?" akauliza Nyar Kadem.

Mbele ya mwanawe, Bitutu hakuweza kujibu kwa kipimo. "Leo? Leo hata jasho halitadondoka! Jua hili ni la kuunguza mawe. Mimi Bitutu nimesema!"

"Yawa!" Nyar Kadem akamtazama mwenzake. "Amesema na jina lake?"

"Na jina lake," akajibu Nyakerario, ameshakunja nguo magotini.

Nyuma yake Bitutu alisikia wanawake wakiitana na ndoo zikigongana. Hakugeuka. Mtu mkubwa hageuki kuangalia anavyoheshimiwa.

Mhubiri alikuwa hajafika mbali matone yalipoanza juu ya mabati. Kwanza moja moja, kama mtu anayerusha maharagwe. Kisha gunia zima. Mhubiri akapaza sauti, mvua ikapaza zaidi. Boaz alimtazama mama yake kwa huruma, na huruma ile ilikuwa na umbo la mto.

Bitutu akafumba macho. Watu walidhani anaomba, kumbe anafunga mizigo. Sufuria atampa Nyakerario. Jogoo atakwenda naye, wawe wawili wa kukaa bure. Nyavu, lo, nyavu zake! Kule Uriri utaanika nini, mchicha? Na huko ukimwambia mtu kwamba babu yako alikuwa akitundika mvua darini, atakuuliza, "Bitutu yupi, yule wa kwenye mto?" Chozi likamtoka. Dada mmoja akampa leso, akamnong'oneza kwamba hakika mahubiri ya leo yana upako.

Mvua ilipita kabla wimbo wa mwisho haujaisha. Walipotoka, jua lilikuwa linawaka kama lililosingiziwa. Mama na mwana wakashuka hadi pale pa kuanikia. Mawe yalikuwa yamelowa. Nyasi zimelowa. Omena hawapo.

"Wamebebwa na maji," Bitutu akasema, sauti imekwisha.

"Wamebebwa na sisi," akaitikia Nyar Kadem kutoka bandani kwake. Akafunua turubai. Omena wa Bitutu walikuwa pale pamoja na wa wenzake, wakavu, wakiwaka kama fedha.

Bitutu alipona papo hapo. "Umeona, Boaz? Hiyo ndiyo mbinu ya babu! Mvua ina masikio, baba. Ukisema inakuja, inakuja kwa hasira. Ukisema haiji, inalegea, watu wanapata nafasi ya kuanua. Mimi nilijua tangu jana!"

Boaz akakunja uso, uso wa mzee wa kanisa. "Ulijua?"

"Nilijua sana!"

"Kwa hiyo kumwambia huyu mama vile ilikuwa ni kumtuma aanue. Umefanyisha watu kazi siku ya Sabato, Mama. Hiyo siwezi kuhesabu kama umeshinda."

Bitutu alijiona amesimama kwenye shimo alilolichimba mwenyewe, tena jembe bado analo mkononi. Akijua mvua, amevunja Sabato. Asipoijua, basi babu, kamba, dari, panya, vyote vimekwenda na maji.

"Hajatutuma, mzee," Nyakerario akasema. "Aki ya Mungu, hajatutuma. Huyu Dani hajui mvua hata kidogo."

"Nyakerario!"

"Samahani, Dani, lakini ni ukweli. Akisema haitanyesha, sisi tunaanua. Akisema itanyesha, tunaanika mpaka jioni. Tangu afike hapa hajatuangusha. Na leo vile ameapa na jina lake, tulijua hii si ya kungoja. Hatukunywa hata chai."

"Omena wake tuliwachukua kwa sababu walikuwa njiani," akaongeza Nyar Kadem. "Tungewaruka?"

Bitutu aliwakumbuka wakikimbia asubuhi zote zile, na asante zao. Alitamani yeye mwenyewe awe wingu, aende Rusinga. Lakini Boaz alikuwa bado anamtazama, anangoja, na kule Uriri mto ulikuwa umeshashonwa.

"Ni kweli," akasema polepole. "Sijui mvua."

"Hujui kabisa?"

"Kabisa. Hata Kisii nilikuwa nanyeshewa kila siku, na kila siku nashangaa."

Nyar Kadem alicheka mpaka akakaa chini. Nyakerario akamfuata. Boaz alijitahidi kubaki mzee wa kanisa, akashindwa, akalazimika kuwageuzia mgongo. Bitutu aliwaacha wacheke, kisha akaona anabaki peke yake, akajiunga nao.

Jumapili Boaz alikunja suruali, akawasaidia kuwapakia omena kwenye magunia. Mashua ya kwenda Homa Bay ilipoita, akauliza, "Na ule mto, nimwambie Mellen nini?"

"Mwambie aulete akija kunitembelea. Kupiga magoti juu ya mawe haya kunaniumiza."

Boaz akapanda. Hakutaja Uriri. Bitutu akamsukumia gunia dogo la omena wa nyumbani, akarudi juu kwenye nyavu zake, ambapo mzigo mbichi wa asubuhi ulikuwa haujatandazwa bado.