Kilomita Ishirini na Nne kwa Lita

Marehemu mume wangu alinunua gari ilhali gari haiwezi kufika mlangoni kwetu. Tunakaa Mkunazini, Unguja mjini, ndani kabisa, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakikutana lazima mmoja apishe bega. Nilimwambia hivyo. Nikamwambia pia kwamba tumeishi miaka ishirini na sita bila gari na hatukupungukiwa na kitu, na kwamba umri wetu si wa kuanza kujifunza vioo vya pembeni. Hakubishana nami. Alitoa karatasi mfukoni, akaikunjua juu ya meza ya kulia, akaweka kidole chini ya mstari mmoja.

"Soma hapo, Mwalimu."

Aliniita Mwalimu tangu siku za uchumba, kwa sababu nasomesha hesabu.

Ilikuwa karatasi ya kiwandani, maandishi ya Kijapani juu na tafsiri chini. Ilisema kuwa kigari kile cheupe, chenye injini isiyofika cc elfu moja, kinakwenda kilomita ishirini na nne kwa lita moja ya petroli.

"Gari hii haili mafuta," alisema. "Inanusa tu."

Papo hapo nikaanza kupiga hesabu kichwani: kutoka mjini mpaka skuli yangu Fuoni, kwenda na kurudi, siku tano kwa wiki. Yeye akaniangalia, akitabasamu upande mmoja wa mdomo. Alijua keshanipata.

Gari ilipokuja tukawa tunaipaki kwenye kiwanja kilicho upande wa Vuga, dakika saba kwa miguu kutoka nyumbani. Aliiendesha wiki tatu tu. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa ya Bububu, na alikwenda peke yake, mimi nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Asubuhi moja alianguka bafuni. Alikaa hospitali siku mbili bila kusema neno, na siku ya tatu tukamzika Mwanakwerekwe baada ya Alasiri.

Nikakaa eda miezi minne na siku kumi. Binti yetu, mtoto wetu wa pekee, alikuja kutoka Muskati, akakaa mpaka khitma ya arubaini, akarudi kwa mumewe na watoto wake. Kabla hajaondoka aliniambia niiuze gari. Nikamwambia inshaallah, kwa ile namna ambayo mtu akiisikia anajua kwamba jambo halitafanyika.

Nilipotoka eda nilijiandikisha kujifunza udereva, mwanamke wa miaka hamsini na nne. Nilipata leseni mara ya pili. Siku ya kwanza niliyoendesha mwenyewe mpaka skuli, walimu wenzangu walitoka nje kunipigia makofi. Saa nane mchana kila mmoja akaondoka kwenda kwake, nami nikarudi mjini kwa mwendo wa kobe, mikono yote miwili imeng'ang'ania usukani.

Sikumbuki kama nilikusudia kuipima gari. Nadhani ni mazoea tu ya kazi, kuwa nikipewa jawabu nataka kuona njia. Nilijaza tangi pale sheli mpaka bomba likakata lenyewe, nikairudisha sifuri ile namba ndogo inayohesabu safari, nikaendesha wiki nzima na siku mbili juu yake, nikajaza tena. Kilomita gawanya kwa lita. Nilipata kumi na moja.

Nikarudia. Kumi na moja, kasoro kidogo.

Ningeweza kuliacha hapo. Lakini kila nikiifungua ile karatasi, ambayo aliiacha kwenye droo ya dashibodi ndani ya mfuko wa plastiki, niliona kama kuna mtu amesimama mbele yangu anasema mume wangu ni mwongo. Hakuwa mwongo. Alikuwa karani wa bandarini miaka thelathini na mkono wake haukuwahi kuandika mzigo ambao hakuuona. Kama karatasi ilisema ishirini na nne, na gari ilikwenda kumi na moja, basi gari ilikuwa na ugonjwa, na mimi ningeitibu.

Fundi niliyempata ana karakana Ng'ambo, chini ya mabati mawili na mti mkubwa wa mkungu. Ni mtu wa makamo, mpole, mwenye tabia ya kuipangusa mikono kabla ya kusalimia ingawa hampi mtu mkono. Nilimweleza tatizo, nikamwonesha hesabu zangu kwenye daftari. Akazisoma kwa heshima.

"Tutaangalia, Bi Mwalimu."

Akabadilisha plagi, akasafisha nozeli, akatoa kichujio cha hewa ambacho kilikuwa cheusi kama kitambaa cha jikoni. Akajaza tairi upepo. Nikapima tena: kumi na moja. Nikarudi. Akaangalia breki kama zinakamata, akabadilisha oili. Kumi na moja nukta mbili. Nikaanza kuamini kuwa mafuta yanaibwa pale kiwanjani, nikanunua kifuniko cha tangi chenye ufunguo. Haikusaidia kitu.

Mara ya tatu fundi alikuna kichwa, akasema, "Niachie siku tatu, niiendeshe mwenyewe."

Siku tatu zile nilikwenda skuli kwa gari za abiria na nikarudi nyumbani mapema kuliko kawaida. Sikujua la kufanya na mchana uliobaki. Nilifagia sebule ambayo haikuwa na vumbi. Nilipika wali wa watu wawili, kwa mkono uliokwishazoea, na nusu yake nikampelekea jirani wa chini.

Nilipokwenda kuichukua gari, fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Aliinuka.

"Bi Mwalimu, gari nzima. N'meipima kama unavyopima weye. Mwera, Amani, mjini, foleni zote za Darajani. N'mepata kumi na tano."

"Kumi na tano si ishirini na nne."

"Hiyo ishirini na nne mie sijaiona kwa gari yoyote hapa Unguja. Lakini kumi na tano na kumi na moja hapo katikati pana kitu." Alipangusa mikono kwa tambara. "Samahani nikuulize. Huwa unaiwasha ukakaa nayo? Bila kwenda?"

"Hapana," nilisema.

"Kwa sababu gari ikiwa imewashwa na eesi, hicho kiyoyozi, inafanya kazi, injini inakula. Kilomita haziongezeki, mafuta yanakwenda."

"Nimekwambia hapana, fundi."

"Haya, Bi. Naam. Nimeuliza tu."

Nilimlipa nikaondoka. Nilifika kiwanjani Vuga baada ya Alasiri, nikaipaki mahali petu, nikafunga vioo, nikakisogeza kiti nyuma kidogo. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Kiyoyozi kilikuwa kinapuliza kwenye magoti yangu. Nikatoa madaftari ya kidato cha pili kutoka kwenye mkoba na kalamu nyekundu. Nilikuwa nimeshasahihisha daftari la tano nilipotazama saa na kuona kwamba dakika arubaini zimepita, na injini bado inanguruma chini ya miguu yangu.

Wallahi sikumwongopea fundi kwa kukusudia. Nilikuwa sijui. Au tuseme nilijua kama mtu anavyojua kuwa anakoroma, kwa kuambiwa. Tangu nilipopata leseni, kila siku ya kazi, nilikuwa nikikaa mle garini kabla ya kutembea kwenda nyumbani. Mle ndani palikuwa na sauti. Palikuwa na ubaridi, na watu walipita mbele ya kioo, wanafunzi, watalii na kofia zao, wanawake na vikapu vya Darajani, na wote wakaniona kama mtu anayemsubiri mtu. Nyumbani nikifungua mlango, kitu cha kwanza kunipokea ni saa ya ukutani.

Niliizima injini. Joto likaingia mara moja. Nilibaki nimekaa na madaftari mapajani, nikitokwa jasho, mpaka nikaona haya nikatoka.

Jumamosi iliyofuata niliamua kuitendea haki karatasi. Nilijaza tangi, nikajaza tairi upepo, nikatoa kila kitu kilichokuwa kwenye buti, na nikaelekea Makunduchi. Sikuwasha kiyoyozi wala sikumpita mtu. Nilikwenda mwendo uleule, mguu mwepesi kama ninakanyaga yai, kupitia Tunguu, kupitia msitu wa Jozani ambapo kima walikuwa wamekaa kando ya barabara wakinitazama. Makunduchi nilishuka nikanyoosha mgongo, nikanywa maji, nikageuka. Askari wa barabarani mmoja alinisimamisha, akaangalia ndani, akauliza, "Uko peke yako, mama?" Akanirudishia leseni bila kusubiri jawabu.

Niliingia sheli ileile, bomba lilelile. Msichana anayetia mafuta alijaza mpaka likakata. Nikagawanya kwenye simu, nikagawanya tena kwa mkono nyuma ya risiti.

"Ishirini na nusu!" nilisema kwa nguvu.

Msichana aliinama dirishani. "Ishirini na nusu nini, mama? Niongeze?"

"Hapana, mwanangu. Yatosha."

Nyuma yangu palikuwa na pikipiki inapiga honi. Nikasogeza gari pembeni, karibu na bomba la upepo, na hapo nikampigia binti yangu. Nilimweleza yote, hata karakana, hata kifuniko chenye ufunguo. Sikumweleza habari za kiwanjani. Alinisikiliza mpaka mwisho, nikisikia watoto wake wakigombana nyuma kwa Kiarabu.

"Mama," alisema, "hizo namba hazipimwi barabarani. Gari huingizwa kwenye chumba, magurudumu yakazunguka juu ya vyuma. Hapana upepo, hapana kilima, hapana watu wa kukukatizia njia. Inakwenda kilomita zote hizo na haitoki pale ilipo."

"Weye umejuaje?"

"Niliwahi kusoma. Na baba nilimwambia, aliponitumia picha ya ile karatasi. Nilimwambia, baba, ukipata kumi na nne mjini mshukuru Mungu."

Niliigeuza risiti mkononi.

"Akasemaje?"

"Alicheka. Akasema, usimwambie mama yako. Yule hakubali kitu mpaka apewe hesabu."

"Kwa hiyo alijua."

"Alijua, mama. Nisamehe. Nilidhani utacheka."

Sikucheka. Nilikuwa nimekaa na risiti mkononi, na uso ulikuwa ukiniwaka. Nilikasirika nao wote wawili, aliye hai na aliyekufa. Miezi yote ile nilikuwa nikigombana na fundi wa watu kwa ajili ya namba ambayo mwenye kuileta mwenyewe hakuiamini.

"Sasa gari aliitakia nini?" nilimuuliza. "Kazini alikuwa anakwenda kwa miguu."

Niliwasikia watoto wakinyamaza, kama amewatoa chumbani.

"Alisema tokea mie niondoke nyumba imepooza. Alisema mnakula kimya, khalafu weye na madaftari yako na yeye na simu yake, mpaka kulala. Alitaka siku za Ijumaa awe anakutoa. Akaona akikwambia hivyo utasema huna nafasi. Bora akwambie mafuta."

Tulipoagana sikuondoka mara moja. Nilihesabu Ijumaa alizokuwa na gari: tatu. Nazo zote aliniuliza, akiwa amesimama mlangoni na kofia kichwani, "Hutaki tukapunge upepo kidogo?" Na zote nilimjibu bila kuinua macho. Nilidhani ni yeye anayetaka kuendesha. Haikunipitikia kwamba mtu anaweza kuwa mpweke na mimi nimo ndani, tena nimekaa mita mbili kutoka kwake, kalamu mkononi.

Wiki iliyofuata nilikwenda Ng'ambo kumwambia fundi kweli. Nilimwambia kwamba nilikuwa nikiiwasha na kukaa nayo, kila siku. Hakuuliza kwa nini. Alisema, "Mama yangu alipofiwa, alikuwa anakaa stendi ya Darajani mpaka Magharibi. Hasafiri. Anakaa tu." Kisha akanifungulia boneti akaangalia maji, ingawa sikumwomba, na hakutaka malipo.

Sasa napata kumi na nne, wiki nyingine kumi na nne na nusu. Sikai tena garini. Nafika, nazima, nafunga, natembea dakika zangu saba. Siwezi kusema nyumba imekuwa nyepesi. Mara nyingi nasimama mlangoni na funguo mkononi kwa muda ambao ningeona haya kuupima.

Siku za Ijumaa natoka. Safari yangu ya kwanza ilikuwa ya Fumba, kwa sababu tu niliwahi kusikia kuwa barabara yake ni nzuri. Niliyapita majumba mapya, nikaendelea mpaka lami ikaisha, nikapaki karibu na mawe ya pwani. Nilikuwa na chupa ya chai na vikombe viwili; cha pili nilikitia kwenye kikapu bila kufikiri. Maji yalikuwa yamekupwa mbali. Mwanamke mmoja mtu mzima alikuwa anarudi kutoka kuokota chaza, kanga imefungwa kiunoni, ndoo kichwani. Nikamwamkia.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Aliniangalia, akaiangalia gari, akaitua ndoo.

"Haya," alisema, akikaa juu ya jiwe na kunyoosha miguu. "Hiyo chai ina sukari?"