Nasiba na Kamioneti ya Maiti

Nasiba alijifunza ufundi wa magari kwa sababu macho ya mume wake yaliharibika. Mume huyo, Bizimana, alikuwa na gereji ndogo Kamembe, kando ya barabara inayopanda kutoka Bugarama, na hakuna dereva wa magari ya mpunga ambaye hakumfahamu. Ukungu ulipoanza kumwingia machoni hakuwaambia wateja. Alimwita mkewe kutoka jikoni, akamsimamisha mbele ya injini iliyo wazi.

"Niambie unachokiona," alimwambia. "Usiniambie unachofikiri. Kufikiri tutafikiri pamoja."

Ndivyo walivyofanya kazi kwa miaka. Yeye alisikiliza na kupapasa, Nasiba alitazama na kusema. Mwanzoni watu wa mtaani walicheka kumwona mwanamke wa Kiislamu ana mafuta hadi kwenye viwiko. Baadaye wakazoea, na wengine wakaacha hata kumwuliza Bizimana gari lina nini, walimwuliza yeye.

Kiangazi cha mwaka 1987 Bizimana alifariki. Nasiba akakaa eda ndani ya nyumba, gereji ikafungwa, wateja wakatafuta mafundi wengine. Eda ilipokwisha alioga, akavaa, akaenda kufungua mlango wa gereji. Hakuwa na nia ya kufanya kazi. Alitaka tu unyevu utoke, vyuma visiliwe na kutu.

Alikuwa bado anafagia pale kamioneti moja, gari dogo la mizigo, iliposimama mbele yake ikitoa mvuke. Nyuma kulikuwa na jeneza lililofunikwa kitenge, na wanawake wamelizunguka. Walikuwa wakiimba nyimbo za kanisani, lakini injini ilipozimika nao wakanyamaza.

Dereva akashuka. Jina lake Cirhuza, kijana wa Bukavu aliyeendesha magari huko Bugarama. "Maman, tunamutafuta Mzee Bizimana."

"Mzee amefariki."

Cirhuza akavua kofia. "Sikujua. Pole sana, maman." Akageuka kutazama gari, akakosa la kufanya. "Tumebeba marehemu Muderhwa, ule fundi wa mashini ya kukoboa mpunga. Tunamupeleka kwabo, ng'ambo ya mupaka. Daraja ya Rusizi ya Pili bataifunga jioni, na gari inachemuka tu. Mulima wote tulikuwa tunasimama, tunaongeza maji, tunatembea kidogo, inachemuka tena."

Mlango wa pili wa kabini ukafunguliwa, akashuka mwanamume mrefu aliyevaa koti jeusi. Alikuwa Mulume, kaka mkubwa wa marehemu.

"Gari haina ugonjwa," alisema, akihakikisha wote wanamsikia. "Marehemu njo anakatala kuvuka. Muntu akikufa na kinyongo, hata gari anaikamata. Bibi yake aseme hapa mbele ya batu alimufanyia nini."

Wanawake wakamtazama mmoja wao. Honorine, mjane, alikuwa ameketi ubavuni mwa jeneza, mkono mmoja juu ya mbao, midomo imemkauka. Ilionekana kwamba swali hilo ameulizwa njia nzima, na kwamba alikuwa ameacha kulijibu zamani.

Nasiba aliyajua macho yale ya watu. Yeye mwenyewe alikuwa ametazamwa hivyo alipofiwa.

"Papa," alimwambia Mulume, "hayo ni maneno ya familia yenu. Mimi muniachie gari."

Cirhuza alikuwa tayari ameshika kitambaa afungue kifuniko cha radiateri. Nasiba akamzuia mkono. "Usifungue. Maji yatakuruka usoni. Na usimwage maji ya baridi sasa, utapasua kilasi, kichwa cha injini. Iache ipoe."

Wakati injini inapoa alijaza kikombe maji ya mtungini, akampelekea Honorine. Akakaa naye pale nyuma ya gari.

"Alikufa na nini?"

"Homa." Honorine alikunywa polepole. "Tulikuwa tunakosana, maman, siwezi kukudanganya. Tulikosana kama batu bote. Lakini asubui ile aliomba uji, nikamupa, akasema umekuwa mutamu. Sasa nitawaambia nini?"

Nasiba alimshika mkono kidogo, akashuka.

Alipofungua boneti alijikuta amesimama kimya, akisubiri kuulizwa. Hakuna aliyemwuliza. Basi akaanza kusema mwenyewe, kwa sauti ya chini, na Cirhuza alidhani anasoma dua.

"Mkanda upo, umekaza. Hakuna panapovuja." Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta, akakifuta kwenye kidole. "Mafuta ni meusi. Hayajawa kama chai ya maziwa, kwa hiyo maji hayajaingia ndani ya injini." Injini ilipopoa vya kutosha alifungua kifuniko taratibu, akaongeza maji, akaomba gari liwashwe. Lilipopata moto alishika mpira wa juu wa maji, kisha wa chini. Yote miwili ilikuwa ya moto. "Maji yanazunguka. Feni inazunguka."

Maji yapo, yanazunguka, feni inavuta, na bado moto unapanda. Akaenda ndani, akarudi na karatasi ya gazeti kuukuu, akaiweka mbele ya gari, juu ya nyavu za radiateri. Feni ikivuta hewa vizuri, karatasi hunata pale. Karatasi ile ilianguka chini.

Aliiweka tena. Ikaanguka tena.

"Hewa haipiti," alisema. Akaamuru injini izimwe, akapenyeza vidole kwenye nyavu, akachomoa tope kavu la rangi ya kahawia. Akalisugua kiganjani. "Cirhuza, gari hii inafanya kazi gani siku zote?"

"Inabeba pumba za mpunga. Kutoka kwenye mashini, kila siku. Leo tumeifagia kwa sababu ya marehemu."

"Mumefagia nyuma." Akageuka. "Papa Mulume, leta mukono."

Mulume alisita, kisha akanyoosha kiganja. Nasiba akamwekea lile tope. Yule mzee akalivunja kwa kidole gumba, makapi ya mpunga yakaonekana.

"Ni za mashini ya Muderhwa," alisema.

"Ni za mashini yake."

"Kwa hiyo ni yeye bado."

"Ni kazi yake, papa. Njo ilimulisha yeye na bibi yake. Ila pumba hazina maneno. Zinaziba tu."

Mulume aliendelea kushika yale makapi, kana kwamba hajui ayatupe wapi.

Wanawake wakashuka kuchota maji bombani. Nasiba alisafisha kutoka upande wa injini kwenda nje, akimimina polepole asipinde vile vibati vyembamba, akichokoa kwa unyoya wa kuku palipogoma. Maji yalitoka meusi, kisha ya kahawia, na mwishowe yakatoka safi. Injini ikawashwa. Karatasi ikanata.

"Nitakwenda nanyi hadi darajani," alimwambia Cirhuza. "Injini imeteseka sana. Lazima mshale wa joto uangaliwe."

Kabini ilikuwa na nafasi ya watu watatu. Mulume alikuwa ameshafungua mlango, akauacha. Alizunguka nyuma ya gari, akamnyooshea mkono mke wa mdogo wake.

"Enda mbele, shemeji. Umechoka. Mimi nitakaa naye."

Honorine alishuka, akapita karibu yake bila kuinua macho.

Njiani Nasiba aliwasha hewa ya moto ndani ya kabini ili kuipunguzia injini joto, na wote watatu wakatokwa na jasho. Kwenye kilima mshale ulipanda, Cirhuza akapunguza mwendo, ukasimama pale pale. Kisha ukaanza kushuka. Nyuma yao nyimbo zilikuwa zimeanza tena.

Daraja lilikuwa bado wazi. Nasiba alishuka upande wa Rwanda. Honorine akatoa mkono dirishani, akashika wake.

"Siku ulipofiwa, maman, uliogopa?"

"Ninaogopa hata sasa," Nasiba alisema.

Alisimama akalitazama gari likivuka na kupanda ukingo wa pili, kisha akarudi Kamembe kwa miguu. Alilia njiani, na hakujificha.

Baadaye Cirhuza alimletea habari. Muderhwa alizikwa kesho yake, na makaburini hakuna aliyeuliza tena lile swali. Honorine aliachiwa nyumba. Shamba lilichukuliwa na ndugu za marehemu, na Mulume, ambaye angeweza kuwazuia, hakuwazuia.

Nasiba aliposikia hayo alikuwa chini ya gari la mchuuzi wa samaki, amelala chali juu ya gunia. Alimwomba Cirhuza amsogezee spana, akaendelea kufungua bolti.