Jiwe la Edith Pask

Hedley Pask hakuwahi kununua kiti bila kukipindua. Wenzake mnadani walikodolea macho vanishi. Yeye alitazama chini, penye misumari na vumbi, mahali ambapo muuzaji hakumbuki kusafisha uongo wake. Walimwita Mpindua Viti, kisha wakamuuzia kwa bei aliyoitaka.

Sasa mapafu yalikuwa yamemchoka, na daktari hakumficha: majira ya kuchipua asiyatarajie. Mke hakuwa naye, wala mtoto. Alitaka jambo moja tu, azikwe ubavuni pa mama yake, aliyefariki yeye akiwa na miaka minne, kabla hajapelekwa kulelewa na watu baki. Miaka miwili alikuwa akiuliza parokia hii na ile. Leo, katika uwanja wa kanisa la Little Marling, jiwe la kaburi lake alikuwa amelipata, limeegemezwa ukutani pamoja na mengine kama sahani zilizooshwa: Edith Pask.

Bi Thirza Cobbold, mtunza kanisa, alikuwa akipogoa mawaridi.

"Nimempata," Hedley alimwambia. "Niuzie hapa kando yake. Na usinipandishie bei kwa sababu umeniona na koti zuri."

"Koti hilo limenizidi umri, Bwana Pask." Kisha akashusha mkasi. "Chini ya jiwe hilo hakuna mtu."

"Yuko wapi?"

"Zamani kila jiwe lilisimama kichwani pa mwenyewe. Ikanunuliwa mashine ya kukatia nyasi, ile ya kukalia, ikawa haipiti. Basi wakayang'oa, wakayapanga ukutani. Tukashinda hata tuzo ya uwanja nadhifu."

"Na kitabu cha maziko?"

"Kinasema alizikwa. Wapi, hakisemi."

"Hakuna aliyechora ramani?"

"Ya nini? Kila mtu alijua wake walipo."

"Hao waliojua, nani amebaki?"

Bi Thirza alinyoosha mkasi kuelekea kwenye nyasi. "Wako humo."

Hedley alipiga magoti, pumzi ikimkwaruza, akapitisha vidole chini ya jiwe. Labda kitako kingekuwa na alama, au udongo wa rangi fulani. Alikuta saruji. Kitako kilikatwa kwa msumeno ili mawe yote yalingane urefu. Mara ya kwanza maishani, upande wa chini haukumwambia kitu.

Alibaki amepiga magoti, akakokotoa upya.

"Basi nichomwe. Majivu yangu yanyunyizwe uwanja mzima. Chembe moja itamwangukia."

"Haruhusiwi mtu. Sheria ya kanisa inataka shimo moja, mahali pamoja."

"Nani atajua?"

"Mimi."

Alimtazama akaona kwamba huyu hapunguzi. Aliwajua watu wa aina hiyo. Siku zote aliwaacha na kiti chao akaenda zake. Leo hapakuwa na duka la pili.

"Pana nafasi kule kwenye ua wa miti," Bi Thirza alisema, sauti imelainika. "Huenda hayuko mbali na hapo."

"Huenda."

"Siwezi kukuahidi zaidi."

Uwanja ulikuwa bapa, kijani kibichi, hauna hata kibonde cha kukwaza mguu. Alijaribu kuukumbuka uso wa mama yake ili aangalie upande fulani. Haukuja.

"Niandikie hapo kwenye ua," alisema, akanyoosha mkono ainuliwe. Bei hakuuliza.